Shamba la Seline Halikuguswa

Seline alikuwa akimchotea mteja uji alipoinua macho akamwona Caren, mke mwenzake, amesimama ng'ambo ya mtaro na furushi kichwani na viatu mkononi. Moyo ukampiga pa! Mtu wa Nyanza hafiki Lindi, katikati ya Kibera, Jumapili asubuhi bila kutuma habari, ila kuwe na maiti.

"Nani amekufa?" Hata salamu hakutoa.

"Hakuna aliyekufa, mikayi."

"Basi mbona uso wako ni wa matanga?"

Mikayi ndiyo heshima ambayo Wajaluo humpa mke wa kwanza. Marehemu mume wao aliwaacha wawili: Seline akaja mjini kuuza uji ili watoto wasome, Caren akabaki nyumbani na wadogo na shamba. Mabibi wengi wangegombana hata kwa chumvi. Hawa wawili walikuwa wameelewana miaka yote, kila mmoja na upande wake wa mzigo.

Caren akatua furushi. "Nimekuja kukuuliza tulikukosea nini. Tumekungoja tangu mvua ya kwanza. Mvua imenyesha mpaka magugu yamefika kiunoni, wewe huji, neno hutumi. Juzi watu wa kampuni ya miwa wamepima shamba letu. Wanasema limelala. Trekta linakuja wiki ijayo."

"Neno situmi?" Kata ikarudi kwenye sufuria kwa kishindo, uji ukaruka. "Caren, mimi neno situmi? Nilikutumia mbegu!"

"Mbegu gani?"

"Mathe, uji yangu," mteja akakumbusha.

"Uji wako hauna miguu, utakungoja hapo hapo!"

Sasa hapa ni lazima mtu aelewe, maana bila kuelewa atasema hawa wanawake ni wajinga, na si wajinga. Kwao mbegu ina adabu zake. Mke wa kwanza ndiye anayetangulia kutia mbegu ardhini. Mpaka atie yeye, mke wa pili hata awe na jembe la dhahabu hadondoshi punje, kwa sababu akimruka mkubwa wake anaita chira, ile laana inayowakondesha watoto mpaka wazikwe. Kwa hiyo kila mavuno Seline alichagua masuke bora ya mtama, akaja nayo Kibera, akayatundika juu ya jiko la kuni alilopikia uji, moshi ukayakinga na wadudu. Mvua ikikaribia aliyashusha, akapanda basi, akaenda kupanda.

Mwaka ule, 1991, mvua ilipokaribia Seline alikuwa kalala na homa ya matumbo, maji ya Kibera yamemwangusha kama gunia. Hakuweza hata kukaa. Lakini mila si jiwe. Mkono ukishindwa kufika, mbegu iliyotoka mkononi mwa mikayi inatosha. Shemeji yake Oyoo, mdogo wa marehemu, anayekaa Kawangware, alikuwa anakwenda nyumbani matangani. Seline akamkabidhi kifuko cha mbegu pale kitandani, akamwambia, "Mpe Caren. Mwambie nimempa ruhusa, apande."

"Oyoo alikuja," Caren akasema polepole. "Alikunywa chai kwangu. Nikamuuliza habari zako. Akasema, 'Mikayi yuko, mngojee.'"

Seline akafungua leso kiunoni, akaifunga upya, ikakaza. Akamwachia jirani sufuria na kata, akamshika mke mwenzake mkono.

"Twende Kawangware."

Walikwenda kwa miguu, Seline mbele, Caren nyuma akihema. Njiani Caren akaeleza yaliyompata kila mtu kule. Petroli ilipanda bei vita vya Ghuba vilipolipuka, kampuni ikaja na habari njema: miwa inakamuliwa, inakuwa spiriti, spiriti inachanganywa na petroli, gari linakwenda, moshi unapungua, nchi haiombi tena Waarabu. Kilichokosekana ni ardhi tu. Wakaanza na kinamasi. Wakachimba mitaro, maji yakakimbia, mafunjo yakachomwa moto siku nyingi hata kanisani watu walikohoa. Wanawake waliosuka mikeka hawana tena cha kusuka. Mto nao, tangu kiwanda kianze kutema maji yake, umekuwa mweusi, unanuka kama mtungi wa pombe ya busaa uliosahaulika. Hata kamongo, samaki wa matopeni, walielea matumbo juu.

Walipofika Barabara ya Ngong, Caren akasimama, akayatazama magari yakipita mbio.

"Ndiyo haya yanayokunywa miwa?"

"Ndiyo haya."

"Na ni mengi hivi?" Caren akauliza, akaonekana kama mtu aliyeonyeshwa ukoo wa wageni aliotakiwa kuwapikia.

Nyumbani kwa Oyoo walimkuta mkewe, Trizah, mtoto wa watu, hana hatia. Akawachangamkia, akapangusa viti, akasema mumewe, Baba Opondo, ametangulia kwenye mkutano wa ukoo, ule wa kila Jumapili pale hotelini nyuma ya soko. Wapumzike kwanza. Akawaletea uji.

Seline akanywa funda moja, akalishikilia mdomoni. Uji ulikuwa na moshi ndani yake. Si moshi wa kuungua, la. Moshi wa kukaa. Mtama ulioning'inia mwaka mzima juu ya jiko la kuni.

"Trizah, dada yangu, unga huu umetoa wapi?"

"Si ni ule mtama wako!" Trizah akacheka. "Ule ulimpa Baba Opondo ulipokuwa mgonjwa. Alisema umetuletea wa uji. Nikaupeleka kwa posho mill. Mtamu, haki! Umebaki huu wa mwisho."

Caren akaweka kikombe chini, akafunika uso. Seline akameza lile funda, maana angefanya nini, aliteme sakafuni kwa Trizah? Akasema asante. Akatoka. Kikulacho ki nguoni mwako, lakini huyu hakungoja hata kuwa nguoni. Alikula mbegu, mbegu ya kaka yake aliye kaburini, akaitia sukari!

Mkutano ulikuwa kwenye ua wa hoteli. Wanaume wa ukoo walikuwa wameketi kwenye mabenchi, wengi ni vibarua na mawochi wa mageti, wamevaa makoti ya Jumapili. Mzee Omolo, mwenyekiti, alikuwa kwenye kiti chenye mgongo. Kando yake alisimama kijana nadhifu, Musau, bwana shamba wa kampuni, aliyekuja kuwaeleza wenye mashamba wanaokaa mjini. Oyoo alikuwa amekaa karibu naye, karibu kupita kiasi.

"Oyoo!" Seline akaita tangu langoni. "Uji wangu umekushibisha?"

Oyoo akacheka kicheko cha mtu anayetafuta mlango. "Shemeji, karibu, keti kwanza..."

"Sikuja kuketi! Waambie wazee. Nilikupa mbegu kitandani, nikiwa na homa, nikakuambia mpe Caren. Ulipeleka wapi?"

"Ah, safari ilikuwa na mambo mengi..."

"Imetoka sasa hivi jikoni kwako! Nimeinywa!"

Wazee wakaguna. Hapakuwa na haja ya kumweleza yeyote pale maana ya jambo hilo. Kila mmoja alikuwa na mama. Ni Musau tu, Mkamba wa watu, aliyekuwa akitazama huku na huku. Alipoelezwa akashika kichwa.

"Samahani, mama. Bwana Oyoo alituambia shamba limelala. Tukaenda, tukaona kweli ni magugu. Kampuni haichukui shamba la chakula, hiyo ni sheria yetu, na wafadhili wanaikagua. Tunachukua lililolala tu." Kisha akamgeukia Caren, kwa upole kabisa. "Lakini wewe uko pale pale. Mbona usingepanda tu?"

Caren akaangalia miguu yake. Seline ndiye aliyejibu. "Na watoto wakifa, utawazika wewe?"

Lakini swali lilimchoma, tusidanganyane. Lilimchoma kwa sababu hata yeye alikuwa amejiuliza vivyo hivyo njiani, akitazama mgongo wa Barabara ya Ngong: mbona hakupanda tu? Alimkasirikia Caren kwa utii wake. Akaikasirikia mila iliyomfunga mikono mke mwenzake na kumwachia Oyoo ya kwake wazi. Akajikasirikia mwenyewe kwa kuugua.

"Oyoo," Mzee Omolo akasema, "ulifanya hivi kwa nini?"

Oyoo akasimama. Alipoona hakuna tena pa kukimbilia, akawa mkali. "Kwa sababu mkono mtupu haulambwi! Kampuni inataka msimamizi mtu wa pale, mwenye kuleta mashamba. Mimi nimekuwa mlinzi wa mageti ya watu tangu nina nywele zote. Nani kati yenu asingetaka? Na shamba hilo lipo katikati! Wote mmeshatoa yenu. Yeye na mtama wake peke yake katikati ya miwa atafanya nini?"

"Ungeniuliza!"

"Ungekataa!"

"Ndiyo! Ningekataa! Ndiyo maana watu huulizwa!"

Musau akainua mikono. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililomzidishia Seline hasira, maana mtu mbaya ni rahisi. "Mama, nikwambie kitu kimoja tu. Petroli ikipanda, nauli inapanda, na unga unakuja hapa kwa lori. Mafuta haya yetu wenyewe ni nafuu kwa kila mtu. Hata moshi wa mji huu utapungua, watoto wa hapa Kawangware wapumue."

"Na wa kule wanywe nini? Mnasafisha hewa ya hapa kwa kuchafua maji ya kule, halafu mnaniambia ni nafuu ya kila mtu. Sisi wa kule si kila mtu?"

"Kiwanda kitajengewa mabwawa ya kusafisha maji. Iko kwenye mpango."

"Mto umekwisha kufa na mpango haujazaliwa!"

Wanaume wakacheka, mmoja akapiga meza. Lakini kicheko hakikubadilisha kitu, wote walikuwa wameshatoa mashamba yao. Walikaa Kawangware, walinunua unga dukani, na miwa ilikuwa imewaahidi mabati. Mzee Omolo akaamua alivyoweza kuamua: Oyoo amekosa, aombe radhi mbele ya wote, na shamba la marehemu liachwe. Oyoo akaomba radhi kwa midomo. Musau akatoa ahadi mbele ya ukoo mzima: mbegu zikiwa ardhini kabla ya trekta, kampuni haitagusa.

"Hata unyasi mmoja?" Seline akauliza.

"Hata unyasi, mama."

Mbegu zilikuwepo. Mtu mzima hatumi mbegu yote. Juu ya jiko lake yalibaki masuke machache ya akiba. Seline akayashusha, wakaondoka na Caren siku iliyofuata. Wakang'oa magugu wakiimba na kutukana, wakalima, na Seline akatangulia kutia mbegu kama mikayi anavyopaswa, Caren nyuma yake. Trekta lilipofika lilizunguka. Dereva aliwapungia hata mkono. Mtama ukachipua, Seline akapiga kigelegele kilichosikika hadi kiwandani, akarudi Lindi kwenye uji wake akitembea kama mtu aliyeshinda kesi. Alimsimulia kila mteja. Kwa miezi ile yote hakuna aliyekunywa uji kwake bila kusikia habari za shamba ambalo kampuni kubwa ililizunguka.

Mwezi wa Agosti Caren akaja tena.

Safari hii hakuwa na furushi. Alikuwa amekonda, midomo imepasuka, na alipofungua kinywa kusalimu ilitoka pumzi tu, kama mvukuto wa ngozi uliotoboka. Seline akamkalisha kwenye ndoo, akampa maji ya moto, akasogeza sikio.

"Ndege," Caren akanong'ona.

Na Seline akaelewa kabla hajaambiwa. Ndege wadogo wa kinamasini, wale wenye midomo myekundu, wamekuwepo tangu zamani, hakuna asiyewajua. Mtama ukianza kukomaa, kila shamba lilikuwa na dungu lake la kulindia, na juu ya kila dungu watoto na mabibi wakipiga madebe na kurusha mawe kwa teo. Ndege wakifukuzwa huku walikwenda kule, wakifukuzwa kule walirudi kinamasini kula mbegu za majani. Hivyo kila mtu alipoteza kidogo na hakuna aliyepoteza yote. Kuamia ndege kulikuwa kazi ya kijiji.

Sasa kijiji kizima ni miwa, na ndege hali muwa. Kinamasi ni mitaro. Ndege wote wa kinamasi kile, na wale waliozoea mashamba yote yale, wamebaki na shamba moja la mtama duniani, la Seline. Hapakuwa na dungu lingine hata moja la kusaidiana. Caren na watoto wake walipiga madebe kuanzia alfajiri hadi jua linazama. Walipiga makelele mpaka Caren akaishiwa sauti na watoto wakalala usingizi wamesimama. Mawimbi ya ndege yaliinuka upande huu, yakatua upande ule. Ndege walipomaliza, Caren alisema, mashina yalisimama sawasawa, mazuri, hayana punje.

"Majirani hawakuja kukusaidia?"

"Wako kwenye miwa. Wanapalilia ya kampuni."

Seline akauma kidole. Alitaka mtu wa kumrarua. Angekuwa Oyoo, angemrarua. Lakini Oyoo hakuwa ameleta ndege. Laiti angekuwa ameleta!

Jumapili wakaenda tena Kawangware, maana wapi kwingine? Mkutano ulikuwa na soda siku hiyo. Kampuni ilikuwa imemaliza kupanda eneo lote na Musau alikuja kushukuru ukoo. Redio ya hoteli ilikuwa inalia, watu wanacheka, Oyoo amevaa koti jipya. Walipowaona wanawake wawili wakiingia, vicheko vikapungua, kwa sababu habari za ndege zilikuwa zimeshafika. Habari mbaya hazipandi basi.

"Pole, shemeji," Oyoo akasema, akaondoka kwenye kiti chake ili Seline akae. Alisema kwa moyo, na Seline angalipenda kumpiga na kile kiti.

"Pole sana, mama," Musau akasema. Alionekana amehuzunika kweli. "Nilipita pale mwenyewe. Inasikitisha. Lakini wazee wote ni mashahidi, ahadi tuliiweka. Shamba lako hatukuligusa."

Seline akafungua mdomo. Mwanamke aliyekuwa na jibu la kila mtu, mteja, askari kanjo, shemeji, padri, alifungua mdomo akakuta hamna kitu. Maana ilikuwa kweli! Hawakugusa. Waligusa kinamasi, wakagusa mto, wakagusa kila shamba lililolizunguka lake kama shanga shingoni, na lake hawakugusa. Ungemshtaki nani? Kwa kosa gani?

"Mngeligusa," akasema hatimaye. "Heri mngeligusa! Mngelilima na trekta mchana kweupe, nikawalaani, nikajua nimeporwa na nani. Nyinyi mmeninyang'anya dunia yote mkaniachia katikati yake, halafu mnakuja na soda kuniambia hamkugusa!"

Musau alitazama kofia yake. Hapo Caren akamvuta leso. Seline akainama, akidhani anaumwa.

"Waambie walete trekta," Caren akanong'ona.

"Nini?"

"Watoto hawajala. Wapalilia miwa wanalishwa, wenye mashamba wanapewa unga. Waambie."

"Sitawaambia! Caren, mimi nimepigana..."

"Wewe unalala huku." Haikuwa na ubaya, ile pumzi. Ilikuwa imechoka tu. "Waambie, mikayi."

"Sema mwenyewe, basi!"

Caren akainuka. Akawageukia wazee, akafungua kinywa, na mishipa ya shingo ikamtoka kwa nguvu aliyotia. Hakikutoka kitu. Redio ikaendelea kuimba. Akajaribu tena, akaweka mkono kooni, kisha akamtazama Seline kwa macho ambayo Seline hakuweza kuyakwepa.

Seline akasimama kando yake. Hasira yake haikuwa na pa kwenda.

"Anasema mlete trekta," akasema.

Mzee Omolo akatega sikio, akaomba redio izimwe. "Hatukusikia vizuri, binti yangu. Anasema nini?"

Ikabidi aseme tena, kwa sauti.